Maswali ya Wasomaji: Rush haitengenezwi tena, tuiuze?

Swali: Nina Toyota Rush ya mwaka 2012, yenye 4WD (inayosukumwa na magurudumu yote manne), iliyotoka Japani. Watu wananisihi niiuze kabla spea hazijaadimika, eti kwa kuwa haitengenezwi tena. Niwasikilize? (Msomaji, Nakuru)

Jibu: Usiwasikilize. Ni kweli Rush ya soko la Japani, pamoja na pacha wake Daihatsu Be-Go, ilifika mwisho mwaka 2016. Lakini injini yake, 3SZ-VE ya cc 1,495, imo pia kwenye TownAce na LiteAce zenye namba ya modeli S402, bB ya QNC21 na Passo Sette. Kwa hiyo plagi, koili, pampu ya maji na cheni ya taiming hazitakusumbua. Mwenye duka akikuambia hana ya Rush, mwulize ya TownAce, ila mtajie injini kabisa, maana TownAce za kuanzia 2020 zina injini nyingine. Badili oili kila kilomita 5,000. Oili iliyochakaa huacha matope yanayoziba vali ya VVT (mfumo unaopanga muda wa kufunguka kwa vali za injini) na kuilegeza cheni, na dalili yake ni mkwaruzo wa sekunde chache ukiwasha asubuhi.

Vitakavyoadimika ni vya bodi na vya 4WD: taa, bampa, kioo cha mlango wa nyuma, difu ya mbele, transfa (kasha linalogawa nguvu kati ya mbele na nyuma). Ukivipata vizima kwenye gari lililochinjwa, nunua uweke. Kabla ya kulipa soma namba ya chesisi ya gari hilo: J210E ndiyo 4WD, J200E inasukumwa na magurudumu ya nyuma tu na haina difu ya mbele. Propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu) ya Rush ndefu ya viti saba, au ya pacha wake Daihatsu Terios, haitaingia kwako.

Angalia pia mlango wa nyuma, unaofunguka kando huku umebeba tairi ya spea. Ufungue nusu, shika ncha yake, uinue na kuushusha. Ukicheza, bawaba zimelika, na punde vumbi litaanza kuingia. Tengeneza bawaba kwanza, ndipo urekebishe kitasa. Fundi anayeanza na kitasa anakupotezea pesa. Na usifunge hapo tairi kubwa kuliko ya kiwandani.

Swali: Rush yangu ya 4WD inatoa kishindo nikitia D, na ikifika kilomita 80 kwa saa inatetemeka. Fundi anataka kushusha gia boksi. (Msomaji, Mwanza)

Jibu: Asishushe bado. Anza na krosi za propela, yaani viungo vyake vinavyojikunja. Egesha pale palipo sawa, weka vigingi kwenye magurudumu, vuta breki ya mkono, tia N na uzime injini. Ukilazimika kuinua gari, liweke juu ya stendi, usitegemee jeki. Shika propela pande mbili za krosi, uzungushe mkono mmoja huku na mwingine kule. Ukihisi nafasi hata kidogo, krosi imekwisha. Kabla ya kufungua, piga alama ya rangi kwenye flanji zote mbili ili propela irudi ilivyokuwa. Ikigeuzwa, mtetemo unaweza kubaki hata krosi zikiwa mpya. Krosi zikiwa nzima, kagua mauntingi za injini na gia boksi.

Kisha tazama tairi. 4WD ya Rush hii inafanya kazi muda wote, hivyo tairi mbili mpya mbele na mbili zilizolika nyuma huifanyisha difu ya katikati kazi bila kupumzika. Swichi ya kuifunga difu hiyo ni ya tope na mchanga tu. Ukiisahau kwenye lami, kila kona inakamua transfa, kwa kuwa magurudumu ya mbele na ya nyuma hayaendi umbali mmoja.

Swali: Nimeonyeshwa Rush ya "2017, imeshuka bandarini juzi". Ninunue? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Mwambie muuzaji kwamba Rush ya Japani ilikwisha 2016, halafu omba hati ya usafirishaji ya Japani usome tarehe ya usajili wa kwanza. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, kwa hiyo mlango wa Rush za 2016 ulifungwa mwaka 2023 ulipokwisha. Tanzania haizuii umri, ila umri hupandisha ushuru.

Swali: Nichukue ipi badala yake? (Msomaji, Arusha)

Jibu: Inategemea barabara yako. Rush ya kizazi cha pili, iliyotoka Indonesia, ina viti saba na imeinuka milimita 220, lakini haina 4WD. Raize ya 2019 inapatikana na 4WD, injini ya lita 1.0 yenye tabo na gia za CVT (otomatiki isiyo na hatua za gia). Kwa mjini ni nzuri na inabana mafuta. Kwa barabara ya shambani wakati wa masika, tungetafuta J210E iliyotunzwa na kutenga fedha za krosi, bushi na tairi nne zinazolingana.