Re: Mtoto ana pumu, nimpeleke mbio za pikipiki Jamhuri?

Mama, nimekuelewa: kijana wa miaka saba anataka kuona ufunguzi wa msimu wikendi hii, nawe unaogopa vumbi. Wangu pia ana pumu na tumeenda mara kadhaa.

Ukweli ni kwamba mwanzo wa mwaka Nairobi ni kukavu, na udongo wetu mwekundu ukishakanyagwa na magurudumu unakuwa unga. Fikeni asubuhi. Lori la maji likishapita, raundi za kwanza huwa na afadhali. Kufikia saa nane utaona hata soda yako ina utando mwekundu.

Rusha majani kidogo uone upepo unaelekea wapi, kisha kaeni upande unakotoka. Msisimame nje ya kona. Pikipiki ikiteleza huelekea huko huko, na mawe nayo hayaulizi umri. (Mimi nilirudi nyumbani na goti limevimba, kisa picha.)

Pampu yake ya buluu, ile ya kufungua kifua haraka, ikae mfukoni mwako, si kwenye gari, pamoja na ile chupa ya kuvutia dawa. Barakoa husaidia kiasi. Masikio myafunike pia, zile injini si mchezo.

Lakini kama wiki hii amekohoa usiku, ahirisha, umwone daktari kwanza. Na mkiwa kule akishindwa kumaliza sentensi, au midomo ikibadilika rangi, mpe dawa na mkimbie hospitali. Msingoje fainali.