Kompyuta ya RAM GB 2 inaganda: nibadilishe meneja wa madirisha?

Swali: Fundi, habari za kazi? Mimi ni mama mwenye steshenari hapa Morogoro. Tunachapa, tunatoa kopi na tunawajazia watu fomu mtandaoni. Kompyuta yetu ni Dell OptiPlex 755 ya mtumba, prosesa ni Core 2 Duo, RAM GB 2, diski kuu (hard disk) GB 160. Niliwekewa Linux Mint yenye Cinnamon, yaani mazingira ya skrini yenye madirisha na menyu. Asubuhi inakwenda vizuri, ila tukishafungua kivinjari pamoja na LibreOffice inaganda mpaka mteja anaondoka. Kijana mmoja amenishauri niweke i3, meneja wa madirisha (programu inayopanga madirisha kwenye skrini), halafu niweke na Conky ili nione kinachoendelea ndani. Nimsikilize?

Jibu: Salama dada, pole na majukumu. Kijana hajakosea kuona kwamba Cinnamon ni mzigo kwa mashine hiyo. Inategemea kadi ya picha kuchora madirisha, na kadi ikiwa dhaifu kazi hiyo huangukia prosesa. Hata hivyo usibadilishe chochote kabla hujajua mashine inakwama wapi. Kuganda kwa namna hii kuna vyanzo tofauti, na meneja wa madirisha hutibu kimoja tu.

Fungua dirisha la amri (Terminal), andika `sudo apt install htop`, kisha `htop`. Iache wazi, fanyeni kazi kama kawaida, na utazame pale mashine inapoanza kusuasua. Kwenye mstari wa Mem, rangi ya kijani ni kumbukumbu iliyoshikwa na programu. Ile ya njano ni akiba ya faili zilizosomwa karibuni, nayo mfumo huiachia mara programu nyingine inapohitaji nafasi, kwa hiyo isikutishe. Bonyeza Shift na M ili programu zijipange kwa ukubwa wa kumbukumbu. Nina hakika kubwa kwamba juu kabisa utakuta kivinjari.

Kisha fungua dirisha jingine la amri, andika `vmstat 5`. Kila sekunde tano utapata mstari mpya wa namba. Wa kwanza upuuze, ni wastani tangu mashine ilipowashwa. Angalia safu za `si` na `so`: zinaonyesha kumbukumbu inayorudishwa kutoka kwenye diski na ile inayopelekwa huko kwa sababu RAM imejaa. Hapo ndipo penye maumivu. RAM hujibu kwa nanosekunde, diski kuu inayozunguka huhitaji milisekunde kadhaa kila inapotafuta kitu, yaani maelfu kwa maelfu ya mara zaidi. Safu hizo zikiendelea kuonyesha namba kubwa wakati wa kuganda, RAM haitoshi. Zikibaki sifuri huku safu ya `wa` ikiwa juu, RAM inatosha ila prosesa inaisubiri diski. Na zote zikiwa chini huku safu ya `us` ikiwa juu, prosesa yenyewe ndiyo imeelemewa.

Sasa hilo la i3. Ni programu nzuri na nyepesi kweli, lakini hupanga madirisha kama vigae na huendeshwa zaidi kwa kibodi. Mtu anayekaa na mashine yake peke yake huizoea. Dukani kwako, ambako msaidizi akibadilishwa leo kesho anatakiwa awe anachapa, itakupotezea muda kuliko huo unaotaka kuokoa. Openbox nayo ni nyepesi, ila haiji na upau wa chini, itabidi uunganishe vipande mwenyewe.

Mimi ningekuwekea IceWM. Ipo tangu miaka ya 1990, ina menyu kona ya chini kushoto na madirisha yanapangwa kwenye upau, hakuna atakayehitaji kufundishwa. Pia ina grafu zake ndogo za prosesa na kumbukumbu hapo hapo kwenye upau, kwa hiyo hutahitaji Conky. Kila kipimo unachoongeza nacho kinatumia mashine, hasa kikiwekwa kijichore upya kila sekunde.

Andika `sudo apt install icewm`, toka kwenye akaunti, na kabla ya kuingiza nywila bonyeza aikoni iliyo kando ya jina lako uchague IceWM Session. Chagua hiyo yenye neno Session, kwa sababu ndiyo inayosoma faili la kuanzishia programu. Cinnamon inabaki pale pale, ukitaka kuirudia unaichagua hapo hapo. Printa haitaguswa, kwani uchapishaji unasimamiwa na CUPS, ambayo haijali meneja gani wa madirisha anatumika.

Kinachowasumbua wengi ni kwamba wakiingia hawaioni aikoni ya mtandao. Tengeneza faili `~/.icewm/startup`, mstari wa kwanza uwe `#!/bin/sh` na wa pili `nm-applet &`, kisha uliruhusu kwa `chmod +x ~/.icewm/startup`. Grafu ya kumbukumbu ukiwa huioni, andika `TaskBarShowMEMStatus=1` ndani ya `~/.icewm/preferences`, halafu uingie upya.

Utapata nafuu ya mamia kadhaa ya MB. Kwenye GB 2 hiyo si haba, ni tofauti ya kufungua fomu ya mteja bila kufunga barua unayochapa. Ila kivinjari kitabaki na ulafi wake, kwa hiyo mzoeshe msaidizi kufunga ukurasa fomu ikishatumwa. Ongeza na `sudo apt install zram-tools`: hubana sehemu ya kumbukumbu ndani ya RAM yenyewe badala ya kuikimbizia kwenye diski. Prosesa hufanya kazi kidogo zaidi, lakini Core 2 Duo inaimudu.

Ukipata fedha, acha vmstat ikuamulie. Kama `si` na `so` ndizo zilizopanda, tafuta RAM ya aina ya DDR2. Mashine hiyo inapokea hadi GB 8, na hata GB 4 tu zitakupa pumzi. Kama ni `wa`, nunua SSD (diski isiyozunguka) ndogo ya SATA.

Kabla ya hayo yote, dada, ipime diski yenyewe, maana diski kuu za umri huo hufa bila kubisha hodi. Weka kifurushi cha smartmontools, andika `sudo smartctl -a /dev/sda` na utafute mistari ya Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector. Namba ya mwisho kwenye mistari hiyo ikizidi sifuri, nakili kazi za wateja kwenye diski nyingine siku hiyo hiyo, na hiyo SSD ndiyo itangulie kununuliwa, hata kama vmstat imesema RAM.