Muulize Fundi: Banda la gemu bila God of War litakimbiwa?

Fundi, shikamoo. Nina banda la gemu hapa Mafinga: PS4 mbili, televisheni mbili, benchi tatu. Wateja wangu wengi ni vijana wa viwanda vya mbao, wanajaa Jumamosi wakishalipwa. Sasa kuna jamaa ananiuzia Xbox Series S iliyotumika, kwa bei nafuu sana kuliko PS5. Mpwa wangu ninayeshirikiana naye bandani amekataa katakata. Anasema God of War na Spider-Man hazimo kwenye Xbox, na banda lisilo na hizo litakimbiwa. Anasema pia Xbox wenyewe wameshanyoosha mikono, ndiyo maana gemu zao siku hizi zinaonekana PlayStation. Ni kweli? Na kwa nini gemu isiuzwe kwa mashine zote, kama CD ya muziki inavyoingia kwenye redio yoyote?
Mwenye banda, Mafinga

Marahaba, mdogo wangu. Mpwa wako anazijua gemu. Banda ndilo hajalijua vizuri, na nitakueleza kwa nini nasema hivyo.

Mwaka 2006 nilikuwa na banda Mwanjelwa, PS2 mbili. Watu walifuata vitu viwili: mpira wa Winning Eleven na GTA San Andreas. San Andreas ni ya mtu mmoja, lakini vijana walikaa wanne kwenye benchi, mmoja anaendesha, watatu wanamwelekeza kwa kelele, akifa anatoa pedi kwa anayefuata. Ilipofika Julai na baridi ya Mbeya kukaza, walijazana mle ndani na makoti yao mpaka dirisha likaota ukungu.

Nikaona nipanue biashara. Nikaenda Tunduma, nikanunua Xbox ya kwanza, ile nyeusi nzito kama tofali, kwa mtu aliyekuwa akivusha bidhaa mpakani. Ilikuja na CD ya Halo. Halo ni gemu nzuri, tena watu wanne wanacheza kwa pamoja kwenye televisheni moja. Wiki ya kwanza vijana waliishangaa. Wiki ya pili wakaanza kuuliza: “Fundi, San Andreas ya hii iko wapi?”

Ilikuwepo. San Andreas ya Xbox ilitoka Juni 2005, mwaka mzima kabla sijanunua ile mashine. Lakini nilizunguka meza zote za CD Mwanjelwa, nikapanda mpaka Sokomatola, hakuna aliyekuwa nayo. Kila meza ni PS2 tupu. Mashine ikakaa chini ya kitambaa hadi fundi mwenzangu akainunua kwa ajili ya hadi-disiki iliyokuwa ndani yake.

Nilichelewa sana kuelewa kilichonipata. San Andreas ilitoka Oktoba 2004 kwa PS2 peke yake, kwa sababu Sony, wenye PlayStation, walikuwa na mkataba na wenye GTA. Ile miezi minane ya kuwa peke yake ndiyo iliyofanya kazi yote. Ndani ya muda huo wauza CD walishajaza meza, wenye mabanda walishanunua PS2, vijana walishaikariri pedi kwa vidole. Gemu ilipofika upande wa pili, watu hawakuwa na sababu ya kuhama. Kwa hiyo ukisikia kampuni imelipia gemu ikae kwake mwaka mmoja tu, usidhani ni muda mfupi.

Sasa swali lako la redio. CD ya muziki inaingia kwenye redio yoyote kwa sababu muuza redio hapati kitu muziki ukiuzwa. Mwenye mashine ya gemu anapata. Kila gemu ya kampuni nyingine inayouzwa kwenye mashine yake, anakata sehemu, kwa kawaida karibu asilimia 30. Mashine yenyewe mara nyingi haina faida. Mwaka 2021, katika kesi ya Epic, watengenezaji wa gemu, dhidi ya Apple, kiongozi mmoja wa Microsoft, wenye Xbox, aliieleza mahakama kwamba kampuni haijawahi kupata faida kwa kuuza Xbox zenyewe. Faida inakuja baadaye, ukishaiweka mashine sebuleni na kuanza kununua gemu. Gemu ya mashine moja kazi yake ni kukuvusha mlango. Ukishaingia, CD ulizonunua, pedi ulizoongeza na marafiki mnaocheza nao ndivyo vinavyokushikilia humo.

Mchezo huu ni wa zamani kuliko PlayStation. Mwaka 1980 Atari ilileta nyumbani Space Invaders, iliyokuwa ikichezwa kwenye mashine za sarafu, na watu wakanunua Atari kwa ajili ya gemu hiyo moja. Mwaka 1997 Final Fantasy VII, ya familia ya gemu iliyokuwa imekulia kwa Nintendo, ilitokea PlayStation. Sababu ilikuwa nafasi. Nintendo 64 ilitumia kaseti ambazo hata zile kubwa kabisa zilibeba megabaiti 64, na gemu ile ilijaza CD tatu. PlayStation ikafika zaidi ya milioni 100, Nintendo 64 ikaishia karibu milioni 33. Sega nao, waliokuwa wakubwa, mashine yao ya Dreamcast ilikosa gemu za mpira za kampuni ya EA tangu siku ya kwanza. Mwaka 2001 wakaacha kutengeneza mashine kabisa.

Lakini gemu peke yake haiokoi mashine, na hapa ndipo ninapobishana na vijana kila wiki. Mario Kart 8 ilitoka kwa Wii U, mashine ya Nintendo, mwaka 2014 na watu wakaipenda, lakini Wii U ilikufa na mauzo ya milioni 13 na nusu hivi. Nintendo wakaichukua gemu ile ile, wakaongeza vitu vichache, wakaiweka kwenye mashine yao mpya, Switch, mwaka 2017. Wii U iliuza nakala zaidi ya milioni 8. Switch imeuza zaidi ya milioni 60. Utamu ni ule ule. Tofauti ni kwamba Switch unaibeba mkononi, na mtu aliielewa alipoiona tu.

Kuhusu Xbox kunyoosha mikono, mimi ningesema wamebadilisha hesabu. Gemu kubwa sasa zinakula pesa za kutisha. Nyaraka zilizofika mahakamani Marekani mwaka 2023 zilionyesha The Last of Us Part II, gemu ya Sony, iligharimu karibu dola milioni 220. Pesa hiyo kuirudisha kwa wenye mashine moja tu ni kazi. Ndiyo maana Sony wenyewe walianza kupeleka gemu zao kwenye kompyuta, Horizon Zero Dawn mwaka 2020, God of War mwaka 2022. Microsoft wamekwenda mbali zaidi: Sea of Thieves ilifika PlayStation Aprili 2024, Forza Horizon 5 Aprili 2025. Na baada ya kuinunua Activision Blizzard, kampuni yenye gemu ya Call of Duty, kwa dola bilioni 68.7, mpango uliokamilika Oktoba 2023 baada ya mivutano na wasimamizi wa ushindani Marekani na Uingereza, Call of Duty imeendelea kuuzwa PlayStation. Waliouza mashine chache wanaona heri wauze gemu kila mahali.

Niseme na linaloniuma. Kampuni ikijenga gemu yake kwa mafundi wake, ikaiweka kwake, sina neno. God of War ni jasho la Santa Monica Studio, na studio hiyo ni ya Sony. Ila kumlipa mtu wa nje ili gemu aliyokwisha kuipanga isifike kwa jirani, hapo ninakasirika. Kijana wa Umalila aliyeuza viazi misimu miwili mpaka akapata mashine moja hawezi kununua ya pili kwa sababu ya mkataba uliosainiwa asikokujua. Anayeumia ni yeye, maana aliyekosa gemu ile huko Ulaya atakwenda dukani kuongeza mashine nyingine.

Turudi bandani kwako. God of War ya 2018 ipo PS4. Hata mwendelezo wake, Ragnarök wa 2022, ulitoka pia kwa PS4. Spider-Man ya kwanza ipo PS4. Yaani gemu anazozililia mpwa wako unaweza kuwa nazo leo hii, kwenye mashine ulizo nazo. Mwambie ahesabu: kwa mwezi zinachezwa saa ngapi, na mpira unachezwa saa ngapi? Ninajua jibu, kwa sababu nimeliona Mwanjelwa, nimeliona Uyole na Tukuyu. God of War ni hadithi ya saa 20 na zaidi, kila mtu anataka sevu yake, na mwenye kulipa nusu saa leo anarudi Jumamosi ijayo akikuta mwingine amefuta alipofikia. San Andreas iliwezekana kwa sababu unaweza kuingia popote, ukafanya fujo, ukatoka. Vijana wa mbao wakiwa na mia tano mkononi wanataka mechi, mshindi abaki, aliyefungwa ainuke. Na mpira wa EA Sports FC upo mashine zote mbili.

Kwa hiyo usiikatae Series S kwa sababu ya God of War. Ikatae kwa sababu haina mdomo wa CD. Kila gemu itabidi uishushe kwa intaneti, makumi ya gigabaiti, kwa bando lako. Huwezi kuazimana CD na mwenye banda wa Makambako, wala kuiuza ikikuchosha. Pedi zako za PS4 hazitaingia. Mimi ningetafuta PS4 ya tatu iliyo nzima, huku nikiweka akiba ya PS5 yenye mdomo wa CD (zipo zisizo nao, chunguza kabla ya kutoa hela). Hiyo itasoma CD zako za PS4. Pedi za PS4 nazo zitakubali, lakini kwa gemu za PS4 tu. Za PS5 zinadai pedi zake.

Fundi, habari za kazi. Tulimnunulia mwanetu PS4 Krismasi, sasa analia anataka Mario. Muuzaji mmoja hapa mjini alituambia tusubiri, itakuja. Tusubiri mpaka lini?
Mama wa watoto wawili, Iringa mjini

Nzuri, dada. Msisubiri, na huyo muuzaji msimwamini tena. Mario ni wa Nintendo, na tangu miaka ya themanini Nintendo wanamtumia kuuza mashine zao wenyewe. Hawajawahi kumpa PlayStation. Kwenye PS4 mtafutieni Rayman Legends, ni ya kurukaruka vile vile, na watoto wote wawili wanacheza pamoja mkiwa na pedi ya pili. Na kama machozi hayakauki, Nintendo walitoa Super Mario Run ya simu za Android mwaka 2017. Hatua za mwanzo ni za bure, zinazofuata zinalipiwa. Ficheni namba ya siri ya malipo.