Kuhesabu Vichwa Si Kupima Usawa

Wanawake ni zaidi ya theluthi moja ya wahadhiri wetu. Je, hatujatimiza Katiba? (Mhadhiri, Njoro)

Swali hili hunijia mara kwa mara, na mwulizaji hasemi kamwe wanawake hao wako ngazi gani. Ibara ya 27(8) ya Katiba ya Kenya ya 2010, inayotaka jinsia moja isizidi theluthi mbili, inahusu vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa, wala si kinga ya idara ambayo wanawake wake wote ni wahadhiri wasaidizi na maprofesa wake wote ni wanaume. Leteni hesabu ya kila cheo, mwonyeshe pia nani aliomba kupandishwa, alisubiri miaka mingapi, na nani aliacha kazi.

Tupime nini ilhali hatuna fedha? (Mkuu wa idara, Kakamega)

Mwanabiolojia Nancy Hopkins wa chuo cha MIT, Marekani, alichukua utepe wa kupimia, akapima maabara moja baada ya nyingine na kubaini kwamba wanaume walipewa nafasi kubwa zaidi. Wenzake wakaungana naye, na katika ripoti ya 1999 chuo kikakiri ubaguzi. Nyinyi anzeni na ratiba: nani hupangiwa madarasa ya jioni na ya Jumamosi, nani husimamia tasnifu ngapi, na nani huteuliwa kila mara kuandika kumbukumbu za vikao, kazi ambayo haimpandishi mtu cheo.

Likizo ya uzazi ni ya muda gani? (Kisumu)

Miezi 3 kwa mama na wiki 2 kwa baba, kwa mshahara kamili. Someni kifungu cha 29 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kabla ya kuniandikia.

Je, mhadhiri akipata mtoto, baba naye aongezewe mwaka kama mama kabla ya kutathminiwa ili athibitishwe kazini? (Maseno)

Hapa pana mtego. Utafiti kuhusu idara za uchumi za vyuo vikuu vya Marekani, uliochapishwa 2018, ulionyesha kwamba pale wazazi wote walipopewa nyongeza hiyo, wanaume waliothibitishwa kazini waliongezeka na wanawake wakapungua, kwa kuwa wanaume walichapisha makala zaidi. Sipingi baba kulea, bali napinga nyongeza inayotolewa bila kuulizwa nani hasa anayelea.

Chuo chetu kimetenga pembe ya choo kwa wanaonyonyesha. Yatosha? (Bungoma)

La. Sheria ya Afya ya 2017 inakataza kituo cha kunyonyeshea kazini kuwa chooni, na inadai maji ya kunawa, jokofu, umeme, meza na viti. Mwandikieni msajili, mkinukuu kifungu cha 71.