Stika inasema nyeupe, gari ni jekundu

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba ameniachia Datsun 240Z ya 1972. Ni jekundu, ila stika ya rangi chini ya boneti ina namba 904. Fundi wa hapa Dodoma anasema stika imekosewa, atanichapishia nyingine ya 110 kisha apige rangi upya. Nimruhusu? – Msomaji, Kisasa

JIBU: Marahaba. Hapana, na hiyo stika asiiguse. 110 ni nyekundu. 904 ni nyeupe ambayo Datsun waliipa jina Kilimanjaro White. Inawezekana kabisa gari lilizaliwa jeupe. 240Z zilizoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973 zilikuwa nyekundu zenye boneti nyeusi, na wenye gari hizo wengi wakatamani zao zifanane nazo.

Kinachonikera ni watu kuifanya stika hakimu. Stika ni karatasi. Gari likigongwa mbele, bati linaloshika rejeta hubadilishwa, na stika ya gari jingine huja nalo. Ushahidi uko kwenye bodi yenyewe. Fungua paneli ya ndani ya mlango, inua kapeti, chungulia nyuma ya dashibodi. Huko fundi mwenye haraka hapulizi. Kisha chukua msasa laini wa maji, sugua mahali padogo palipojificha mpaka chuma kionekane. Matabaka yatajitokeza kama pete, na rangi iliyolalia praima (rangi ya msingi) ya chini kabisa ndiyo ya kiwandani.

Ukishaijua, mpe mchanganyaji namba pamoja na aina ya gari na mwaka. Namba tupu inapotosha: 040 kwa Toyota ni nyeupe, kwa Mercedes-Benz ni nyeusi. Na namba hutoa rangi ya gari jipya. Ukipaka mlango mmoja tu, utaonekana kiraka kwenye bodi iliyopigwa na jua miaka 50. Apulize kwanza kwenye kipande cha bati, mkilinganishe nje mchana.

Hawa wanaochapisha stika wanawauzia watu uongo, na siku ya kuuza gari anayeulizwa ni mwenye gari. Fundi keshakula hela yake. Gari la kale likishakwanguliwa bila kumbukumbu, ukweli wake haurudi. Wenye magari haya, pigeni picha stika, vibati vya namba za gari na kila tabaka kabla msasa haujaanza. Fundi akikataa kusubiri picha, ondoeni gari kwenye gereji yake.