Ukitoka kwenye piano anza na funguo

Kaka umesema umepiga piano ya kanisani miaka kumi na sasa unatafuta wakstesheni ya kwanza (kinanda cha umeme chenye sauti nyingi na uwezo wa kurekodi wimbo humo humo), basi achana kwanza na kuhesabu sauti, kagua funguo. Zile zenye funguo 61 nyepesi mkono wa kushoto utaishiwa nafasi mapema sana. Mi ningeenda Yamaha MODX8 au Korg Kross 2-88, zote zina funguo 88 nzito kama za piano, ila MODX8 ni karibu kilo 14 kwa hiyo kama unapanda nayo daladala jipange. Menyu zitakuvuruga wiki za mwanzo, we weka sauti ya piano na stringi (sauti ya vayolini nyingi) kwa chini upige tu, sikwensa, ile sehemu ya kurekodi na kupanga vipande vya wimbo, utaigusa baadae. Na pedo ya kukanyaga kwa mguu nunua ya maana, vile vidogo vya bei chee vinateleza sakafuni katikati ya wimbo.