Ndege Ikilala Kushoto: Kutafuta Kosa la Vidhibiti katika Simuleta ya F-5E

Kila nilipoachia kijiti cha kuongozea, ndege ililala kushoto. Bawa lilishuka polepole, na baada ya sekunde kumi hivi nilikuwa nimeelekea baharini ilhali nilikusudia kufuata ufuo kutoka Batumi kwenda Kobuleti, miji ya pwani ya Georgia kwenye Bahari Nyeusi. Niliishi na kasoro hiyo kwa miezi miwili, nikiirekebisha kwa mkono bila kupumzika, na ninaandika haya ili mwenzangu anayeanza asipoteze muda niliopoteza mimi.

Ndege yenyewe ni F-5E Tiger II, iliyoundwa na kampuni ya Northrop ya Marekani, na mimi huirusha ndani ya simuleta ya DCS World, programu ya kompyuta inayoiga urushaji wa ndege. Niliichagua kwa sababu ndiyo ndege ya kivita ya Jeshi la Wanahewa la Kenya, ambalo limekuwa nayo tangu miaka ya 1970 na huiweka katika kambi ya Laikipia kule Nanyuki. Sisi tuliokulia Nairobi tumezoea kuinua macho ndege hizo zinapopita juu ya jiji siku za sherehe za kitaifa, na mlio wake unajulikana hata na mtoto aliye ndani ya nyumba. Kijiti changu nilikinunua kikiwa kimetumika, katika duka moja la Luthuli Avenue. Pedali za miguu nilizipata baadaye, na ujio wake, kama utakavyoona, ulikuwa na mchango katika taabu yangu.

Nilichokosea ni kutibu kabla ya kujua kinachougua. Kwanza nilipanua lile eneo la katikati ambamo kompyuta hupuuza mwendo wa kijiti, nikaliongeza hadi kijiti kikawa hakisikii mkono mpaka nikisukume kwa nguvu. Kisha nikaweka trimu ya kulia, yaani marekebisho ya kudumu yanayoisukuma ndege upande mmoja bila mkono, ndege ikanyooka kwa kasi moja na kupinda kwa kasi nyingine. Mwishowe nikakunja mstari wa usikivu wa kijiti, yaani mpangilio wa jinsi mwendo wa kijiti unavyogeuzwa kuwa mwendo wa ndege, hadi 30, na hapo nikawa siwezi kufuata ndege nyingine kwa utulivu, kwa maana kijiti kilikuwa kizito karibu na katikati na chepesi kupita kiasi pembeni. Jirani yangu pale Umoja, mzee ambaye kazi yake ni kutengeneza redio, alinikuta jioni moja nikihangaika, akasimama nyuma yangu kwa muda.

"Sasa kijana, kinachovuta ni ndege ama ni hicho kijiti chako?"

"Sijui, mzee."

"Basi umekuwa ukitibu nini?"

Swali hilo ndilo lililonipa utaratibu ninaoufuata hadi leo. Ndege ikiwa imesimama chini, hewa haina namna ya kuisukuma bawa, kwa hiyo lolote linaloonekana kwenye vidhibiti wakati huo limetoka mezani pako. Katika DCS, bonyeza Control ya kulia pamoja na Enter. Kisanduku kidogo cha mistari mekundu kitatokea kwenye skrini, kikiwa na alama ya almasi inayoonyesha mahali simuleta inapodhani kijiti kipo. Ondoa mkono kabisa, kisha itazame alama hiyo kwa dakika nzima. Yangu haikuwa katikati. Ilikuwa imekaa kushoto kwa upana wa punje ya mchele, tena ilikuwa ikitetemeka. Nilipokanyaga breki ya pedali ya kushoto, ikaruka hadi ukingoni.

Hapo mshtakiwa wa kwanza akajulikana. Simuleta hii ina desturi ya kugawa mihimili mikuu, yaani njia za mwendo kama kulaza bawa au kuinua pua, kwa kila kifaa kipya unachokichomeka, bila kujali kwamba kuna kifaa kingine kinachofanya kazi hiyo tayari. Siku nilipochomeka pedali, mhimili wake mmoja wa breki ulipewa kazi ya kulaza mabawa, na tangu siku hiyo pedali na kijiti vilikuwa vikitoa amri mbili kwa bawa moja. Dawa yake ni kufungua mipangilio ya vidhibiti, kuchagua ndege unayoirusha, kwenda kwenye orodha ya mihimili, na kupita safu kwa safu ukihakikisha kwamba kuinua pua, kulaza bawa, usukani wa mkia na nguvu ya injini, kila moja ina kifaa kimoja tu. Kumbuka pia kwamba kila ndege ina orodha yake: kusafisha F-5E hakusafishi ndege nyingine yoyote, na ukichomeka kifaa kingine kesho, rudi ukague upya.

Baada ya kufuta amri hizo za ziada, alama ilitulia kidogo lakini haikuacha kutetemeka. Nilifungua dirisha la Windows la kupima kijiti, nikaona mtetemo uleule, kwa hiyo simuleta haikuwa na hatia. Ilinibidi nichukue bisibisi. Ndani ya vijiti vya bei nafuu mna potenshometa, yaani kifaa kidogo chenye ukanda wa kaboni na ulimi wa chuma unaoteleza juu yake. Kompyuta husoma volteji inayotoka kwenye ulimi huo na kuifasiri kuwa mahali kijiti kilipo. Vumbi likiingia, au ukanda ukichakaa mahali pamoja, usomaji huanza kurukaruka, na mahali panapochakaa mapema ni katikati, kwa kuwa ndipo mkono wa rubani unaposhinda. Mzee jirani yangu alishika taa, nami nikapuliza tone la spreyi ya kusafishia vifaa vya umeme kwenye tundu la potenshometa ya mhimili wa kulaza bawa, kisha nikakizungusha kijiti kutoka ukingo hadi ukingo mara thelathini na kukiacha kikauke usiku kucha. Asubuhi alama ilikuwa imesimama. Ikiwa yako haitasimama, potenshometa imekwisha na inafaa kubadilishwa. Ukipata uwezo wa kununua kijiti kipya, tafuta chenye vihisi vya sumaku aina ya Hall, ambavyo havigusani na hivyo havichakai kwa msuguano.

Umeme nao usisahauliwe. Kifaa kikikatika katikati ya safari na kurudi chenyewe, jaribu kukichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta badala ya kupitia kigawanyaji cha USB, na uzime ule mpangilio wa Windows unaoruhusu tundu la USB kulala ili kuokoa umeme.

Kifaa kikishakuwa safi ndipo unapoweza kuilaumu ndege, na mara nyingi utagundua kwamba inafanya kama ilivyoundwa. Injini zake mbili za J85 zimelala karibu sana katikati ya kiwiliwili, kwa hiyo tofauti ndogo ya nguvu kati yake si sababu ya bawa kushuka; kombora lililobaki upande mmoja baada ya jingine kufyatuliwa ni sababu ya kweli. Pua ikipanda kila unapoongeza mwendo na kushuka unapoupunguza, hiyo ndiyo tabia ya ndege thabiti, na kazi yako ni kuitrimu upya. Pua ikichezacheza juu na chini karibu na ardhi kwa kasi kubwa, kagua swichi za dampa za pua na mkia, yaani mitambo ya kutuliza mtikisiko, na ulegeze mkono, kwa sababu rubani anayekimbizana na pua huiongezea mtikisiko. Magurudumu yakishapanda, ndege halisi huzuia aileroni, vile vibamba vya mabawa vinavyoilaza ndege, zisifike zaidi ya nusu ya mwendo wake isipokuwa rubani alazimishe, basi usidhani kijiti kimeharibika ukiona inabiringika kwa uvivu kuliko ulivyotarajia. Flapu, vile vibamba vya bawa vinavyoshushwa wakati wa kuruka na kutua, zikikataa kufuata swichi ya kidole gumba, angalia kama wenzo wake umewekwa mahali pa kuisikiliza swichi hiyo.

Lililonitesa muda mrefu kuliko hayo yote lilikuwa kuruka kutoka ardhini. Nilivuta kijiti, ndege ikaendelea kukimbia, mwisho wa njia ukakaribia. Kumbe mguu wa gurudumu la mbele wa F-5E hurefuka kwa swichi maalumu, ukiinua pua kwa takriban digrii 3 ili bawa lipate pembe ya kuanzia. Mimi sikuwa nimeigusa swichi hiyo hata siku moja.

Kutua kunataka subira ya namna nyingine, hasa kwetu tunaoishi juu. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko takriban futi 5,330 juu ya usawa wa bahari, na katika hewa nyembamba kama hiyo, saa ya mwendo ikionyesha noti 150 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa), ndege inakwenda karibu noti 165 dhidi ya hewa yenyewe. Ramani ya DCS haina Nairobi, lakini ramani ya Nevada ina uwanja wa Tonopah ulio zaidi ya futi 5,400, na mimi huutumia kuonja kimo cha nyumbani. Aliyejifunzia Batumi, karibu na usawa wa bahari, atadhani ndege imepata kichaa na breki zimelegea. Saa ya mwendo iweke ileile, fuata zile taa tatu zilizo kando ya kioo cha kulengea, zinazoonyesha pembe ya bawa dhidi ya hewa, hadi duara la kijani la katikati liwake, na usiondoe nguvu yote ya injini mapema, kwa maana mabawa hayo mafupi huiacha ndege ianguke kama jiwe. Kisha ujipe nafasi zaidi ya kusimama.

Kuhusu mipangilio, sasa ninatumia mkunjo wa 12 kwa pua na 10 kwa mabawa, kwa sababu kijiti cha mezani ni kifupi kuliko cha ndege halisi na mwendo mdogo wa kiganja hufanya makubwa. Eneo la katikati lisilosomwa nimelipunguza hadi 2. Ninabadilisha kitu kimoja kwa siku na kukiandika kwenye daftari pamoja na tarehe. Baada ya kila badiliko hupanda hadi futi 10,000, nikaweka noti 300, nikatrimu, nikaachia kijiti na kuanza kuhesabu kwa sauti. F-5E haina mtambo wa kujiendesha, kwa hiyo bawa moja litashuka hatimaye, leo la kushoto, kesho la kulia. Nikifika thelathini na halijapita digrii 10, ninafunga daftari na kugeuza pua kuelekea Kobuleti.